Mwalimu wa Mawimbi wa Ndandalo

Mwalimu Asajile alikuwa mtu pekee Ndandalo nzima aliyeweza kukueleza kwa nini ukitupa jiwe bwawani maji hubaki palepale na duara ndilo linaloondoka, na alikueleza hata kama hukumuuliza. Unapita zako na kikapu cha ndizi, unasema "Ugonile, Mwalimu," kama mtu mstaarabu anavyomsalimu jirani asubuhi, na yeye badala ya kuitikia anakuuliza kama unafahamu kwamba hiyo salamu yako imemfikia kwa kusukumana kwa hewa. Watu walizoea kumpungia mkono wakiwa bado mbali.

Alifundisha fizikia kwenye shule ya sekondari ya wazazi, moja ya zile zilizochipuka kila upande miaka ile serikali ilipoachia mambo, kila mtu auze anachotaka na kila kijiji kijenge kinachoweza. Shule ilikuwa na madarasa manne, bendera na mhuri. Maabara haikuwapo. Lakini kwa mawimbi Mwalimu hakuhitaji maabara, na hapa lazima tumpe haki yake, maana huko mbele hatutampa: alijua kufundisha. Alifunga kamba ya katani kwenye nguzo ya goli, akashika ncha ya pili na kuitikisa juu chini mara moja, na wanafunzi wakaona nundu inakimbia kutoka mkononi mwake hadi kwenye nguzo. Aliwauliza kamba imekwenda wapi. Haikwenda popote, kilichokwenda ni mtikisiko. Kisha aliwapanga wavulana ishirini kwenye mstari, kila mmoja ameshika mabega ya aliye mbele yake, akamsukuma wa nyuma kabisa. Msukumo ukapita kwa huyu na kwa yule, na wa mbele akaangukia kwenye mkeka wa kakao ya mzee Zebedayo, jirani wa shule. La kwanza, alisema, ni wimbi la namna ya mwanga, linatikisika kwa ubavu huku likienda mbele. Hili la pili ni la namna ya sauti, linakwenda kwa kusukumana. Mzee Zebedayo naye alikuwa na maelezo yake kuhusu kakao iliyokanyagwa, ila hayo hayakuandikwa madaftarini.

Mara moja kwa mwaka aliwapandisha kidato cha tatu kwenye gari la mpunga akawapeleka ufukweni Matema. Alirusha papai bichi ziwani, nje kidogo ya pale mawimbi yanapovunjikia, akawaonyesha jinsi linavyopanda na kushuka bila kusogea. Mwaka mmoja walikuta ziwa linapiga mawimbi makubwa na huku hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Aliwaambia upepo upo, ila uko mbali, kusini huko Malawi. Jana umeyazaa mawimbi haya, nayo yametembea maji yote hayo kuja kusema kwamba kule kulivuma. Wimbi, alisema, ni habari. Hiyo ndiyo sentensi yake ambayo wengi waliopita mikononi mwake wanaikumbuka hadi leo.

Katika dunia hii Mwalimu alibakiwa na ndugu mmoja wa damu, dada yake Tusekile. Wazazi walikufa Asajile akiwa hajaota meno ya pili, na dada ndiye aliyemlea, aliyembeba mgongoni kuvuka mto msimu wa mafuriko ili afike shuleni na daftari kavu. Kila alichojua kuhusu mawimbi kililipiwa na mpunga ambao Tusekile alivuna kwenye mashamba ya watu. Baadaye aliolewa Chunya na Lazaro, mtu wa tumbaku, na sasa alikuwa mgonjwa. Presha ilimpanda, miguu ikamvimba, na barua zake, zilizoletwa na makondakta wa mabasi, zilizidi kuwa fupi. Mwalimu alimpenda dada yake. Hilo nalisema mapema na kwa sauti, kwa sababu kuna watu Kyela ambao mpaka leo wanalikataa.

Simu ya karibu ilikuwa mjini Kyela, posta, na ilifanya kazi siku ambazo mvua hainyeshi. Anayeijua Kyela na mvua zake zisizokatika ataelewa maana yake. Kwa hiyo habari nzito, zile ambazo haziwezi kungoja kondakta, zilipita kwenye redio ya taifa saa ya matangazo ya vifo. Saa hiyo mtu aliacha kutwanga, aliyekuwa anacheka alinyamaza, na wote walisikiliza mtangazaji akisoma majina, na baada ya majina, habari ziwafikie fulani wa mahali fulani. Nusu ya Ndandalo ilikuwa imepokea misiba yake kwa njia hiyo.

Na redio ya kupokelea Mwalimu alikuwa nayo. Ilikuwa ya mbao, ya bendi tatu, kioo kimepasuka kona moja. Sauti yake ilikwaruza kidogo lakini iliipata Dar es Salaam mchana na usiku, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaeleza wanafunzi sababu. Yale mawimbi ya redio yanayoitwa mafupi, alisema, hayapiti mlimani wala hayauzunguki mlima. Yanapanda juu angani, yanakutana na tabaka lililoko huko, yanadunda na kurudi chini, kama mpira uliopigwa kwenye dari. Ndiyo maana Livingstone na Rungwe na milima yote iliyotuzingira haina la kuyafanya. Alichora ubaoni kwa chaki mbili, nyeupe na ya njano, na akauliza maswali, na aliyekosa alisimama.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa saba, aliitwa Dar es Salaam kwenye semina ya walimu wa sayansi. Semina ilikuwa ya siku nne, na jioni alilala Temeke kwa shemeji yake. Huko ndiko alikosikia redio mpya za watu binafsi, zile za FM. Hakuna kukwaruza. Mtangazaji anacheka kama yuko chumbani na wewe, anatuma salamu, anapiga muziki uliotoka wiki hiyo hiyo. Siku ya nne Mwalimu alikwenda Kariakoo akasimama mbele ya redio ya rangi ya fedha yenye spika mbili, nafasi mbili za kaseti na taa zinazocheza kufuata ngoma. Ilikuwa na bendi moja tu, FM. Aliuliza ziko wapi bendi nyingine. Muuzaji, ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamkolea, alimwambia bendi nyingine ni za wazee wa vijijini.

Mwalimu, ambaye alikuwa mzee na alikuwa wa kijijini, aliona aibu mpaka masikioni, akalipa bila kuomba hata apunguziwe.

Sasa, mtu aliyefundisha mawimbi miaka kumi na mmoja hakuhitaji kuambiwa. Wimbi la FM ni fupi kuliko hata hayo mafupi. Linakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Likikuta mlima linaishia hapo, likielekea angani linapenya lile tabaka na kupotelea huko, halidundi. Kati ya Dar es Salaam na Ndandalo hakuna mlima mmoja, kuna msururu, na hata isingekuwapo milima, dunia yenyewe imejikunja na kuuficha mnara. Hayo yote alikuwa ameyaandika ubaoni kwa mkono wake. Lakini elimu ya ubaoni ni kitu kimoja na kusimama Kariakoo ukiitwa mzee wa kijijini ni kitu kingine, na Mwalimu alirudi Kyela amepakata boksi lake kwenye basi usiku kucha.

Wiki hiyo hiyo alimwachia Marta redio ya mbao kwa magunia mawili ya mpunga. Marta alikuwa na hoteli ya chai pale njia panda, na alihitaji kitu cha kuvuta wateja. Mke wa Mwalimu, Beatrice, mwanamke wa maneno machache kutoka Busale, alimuuliza mumewe swali moja tu, kwamba sasa habari za dada zitawafikia kwa njia gani. Mwalimu alimjibu kwamba kwenye mtambo wa ukubwa ule habari zitaingia zenyewe. Alilisema hilo akiwa anapangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Jumapili baada ya ibada watu ishirini walikusanyika uani kushuhudia. Mwalimu alitoa hotuba fupi ya nusu saa, akavuta antena, akabonyeza. Redio ikasema shhh. Alizungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, na kote ilikuwa shhh, taa zikicheza kwa furaha kufuata hiyo shhh. Alisema anarekebisha. Watu wakarekebishiwa mpaka jua likaanza kuchoma, wakaaga kwa adabu.

Kwanza zilikuwa betri. Halafu ikawa migomba, kwamba majani mabichi yananywa mawimbi, akakata minne ya kwake mwenyewe, Beatrice akiangalia mikungu yake michanga inavyolala chini. Halafu yakawa mabati mapya ya jirani yao Hezroni, ambayo Mwalimu alidai yanayarudisha mawimbi Rungwe. Hezroni alikuwa amelima mpunga miaka sita kupata mabati yale, na alisema hatayaezua kwa ajili ya redio ya mtu. Ndipo ikaja mianzi. Mwalimu alisimamisha mwanzi mmoja na waya wa shaba. Akaunganisha wa pili juu yake. Akaunganisha wa tatu, na kileleni akafunga mfuniko wa sufuria kubwa ya Beatrice. Mlingoti ulionekana toka barabarani. Upepo wa kwanza uliulaza juu ya mabati ya Hezroni, ukaacha bonyeo, na kuanzia siku hiyo majirani hao wawili wakawa wanasalimiana kwa kikohozi.

Usifikiri hakujua. Siku ya tatu tu alijua. Angeweza kuibeba redio ile darasani, akaiweka mezani ikiwa inasema shhh, akawaambia kidato cha tatu: tazameni, hivi ndivyo wimbi lisilopinda linavyoshindwa na mlima, na mimi mwalimu wenu nimelipia somo hili. Lingekuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kufundisha. Badala yake alikumbuka kaseti.

Kule Temeke, siku ya mwisho, alikuwa ameijaribu redio kwa kurekodi saa nzima ya kituo kimojawapo, pande zote mbili. Jumamosi iliyofuata aliialika Ndandalo tena, akageuza mgongo wa redio kwa watu, akabonyeza. Uani kukajaa Dar es Salaam. Mtangazaji akacheka, akapiga muziki, akamsalimu Mama Shani wa Mtoni, na watu wakatikisa vichwa, wakasema kumbe ni kweli. Kulikuwa na mahali mtangazaji anataja kwamba ni Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni. Mwalimu alipajua, na kila walipofika hapo alishikwa na kikohozi. Baada ya mwezi mmoja Ndandalo iliamini kwamba Mwalimu ana pumu na kwamba anaipata Dar es Salaam kama aliyekaa Dar es Salaam.

Siku moja kwa Marta mtu alimuuliza kama redio ya taifa nayo inaingia. Mwalimu alicheka kwa huruma. Taifa, alisema, inaingia hata mlingoti ukiwa umelala chini.

Beatrice ndiye pekee aliyejua. Mwanamke anayemsikia Mama Shani wa Mtoni akisalimiwa kwa maneno yaleyale Jumamosi kumi na mbili mfululizo hahitaji kusoma fizikia. Hakumwaibisha mumewe. Alimwomba tu, faraghani, anunue hata kiredio kidogo cha bendi mbili kwa wale wanaoleta bidhaa kutoka Malawi, akifiche chumbani, wasikilize matangazo. Mwalimu alisema mtu mwenye redio ile akionekana ananunua kiredio watu watauliza. Mwezi wa tano mwaka uliofuata ikaja barua kwamba dada hawezi tena kutembea mpaka kanisani. Beatrice alisema twende Chunya. Mwalimu alisema wataenda shule ikifungwa, na alikuwa anamaanisha, maana alikaa na barua ile mkononi muda mrefu na macho yake yalikuwa mekundu. Halafu akatoka kwenda kukaza waya.

Mwezi wa sita ni wa kuvuna mpunga, na Beatrice alikwenda Busale kuwasaidia kwao. Jumanne asubuhi hoteli ya Marta ilikuwa imejaa watu wa chai na chapati. Redio ya mbao ilikuwa juu ya kabati, ikikwaruza kama kawaida yake, na saa ya matangazo ilipofika wote wakanyamaza. Ndugu Lazaro wa Chunya alisikitika kutangaza kifo cha mkewe mpenzi Tusekile, kilichotokea usiku wa kuamkia siku hiyo. Mazishi yangefanyika kesho Jumatano, saa nane mchana. Habari zimfikie mdogo wa marehemu, Mwalimu Asajile wa Ndandalo, Kyela.

Marta alibaki ameinamisha birika bila kumimina. Mzee Zebedayo alivua kofia. Hakuna aliyeinuka kwenda kumwambia Mwalimu, na walikuwa na sababu nzuri. Kama jina lake limesikika kwenye kibao hiki cha mbao chenye kioo kilichopasuka, kwenye lile dude lenye mianzi mitatu si litakuwa limenguruma. Amesikia kabla yetu, walisema. Basi la saa tano lipo, atalipanda, na tukienda sasa tutamchelewesha. Na Ndandalo mfiwa haparamiwi. Anaachwa atoke mwenyewe, aseme mwenyewe, ndipo watu waingie.

Basi la saa tano lilipita na Mwalimu hakulipanda. Jioni ile muziki ulisikika kutoka uani kwake, magitaa na ngoma. Watu wakatazamana. Mmoja akasema majonzi yana wazimu wake. Jumatano asubuhi walimwona akienda shuleni na boksi la chaki, akiimba kwa pua. Marta alisema huenda hajui. Hoteli nzima ilimcheka. Mwalimu Asajile asijue? Anayejua mawimbi yote ya dunia, na kwake taifa inaingia hata mlingoti ukiwa chini? Marta akajiona mjinga, akarudi kwenye chapati zake.

Saa nane ilipopita, saa ya mazishi, mzee Zebedayo alisema yatosha. Hata kama mtu amekuwa na moyo wa jiwe, jirani ni jirani. Aliwakusanya wanaume kumi, akachukua mkeka, wakaenda. Hezroni, ambaye alikuwa bado na bonyeo kwenye bati lake, alipitia nyumbani akajitwika begani gogo kavu refu, kama desturi inavyomtaka mtu anayekwenda msibani asiende mikono mitupu, maana moto wa matanga unataka kuni.

Mwalimu alikuwa ametoka shuleni, amekaa barazani anakuna kichwa. Alipowaona wanaingia, kumi na mmoja kwa hesabu, na mkeka, moyo wake ulifurika. Miezi miwili ilikuwa imepita hawaji tena kusikiliza, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Na Hezroni mwenyewe amekuja, tena na mti begani! Aliona mara moja kwamba ule ni mti wa kushikiza mlingoti usianguke tena, na kwamba jirani yake amekuja kuomba suluhu. Alimshukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo," mara mbili, akamwonyesha mahali pa kuuweka. Hezroni aliliegemeza gogo ukutani na kukaa chini.

Wote walikaa bila kusema neno. Waliinamisha vichwa, wakashika mashavu, wakangoja mwenye msiba aanze. Mwalimu aliona ni utulivu wa wanafunzi wazuri. Aliingia ndani akatoka na redio, akaigeuza mgongo, akabonyeza, na uani kukajaa kicheko cha mtangazaji. Wazee hawakuinua macho. Akaona wamezama, akaanza kuwaeleza juu ya muziki, kwamba sauti wanayoisikia sasa si ile iliyotoka Dar es Salaam. Iliyosafiri ni wimbi jingine lisilosikika wala kuonekana, linalokimbia kama mwanga, na hii spika ndiyo inayoligeuza kuwa msukumo wa hewa. Mtu anazungumza kule, alisema, na papo hapo wewe unajua. Mama Shani wa Mtoni alisalimiwa. Mwalimu alikohoa panapohusika.

"Mwalimu," alisema mzee Zebedayo. "Zima kwanza."

Aliizima.

"Jana asubuhi tulisikia kwa Marta. Tukangoja utoke. Leo saa nane wamemzika Tusekile, na sisi tumekaa kwako unatupigia muziki. Mimi ni mtu mzima, nakuuliza kama ambavyo baba yako angekuuliza. Ulisikia, au hukusikia?"

Mtu anapopigwa hivyo, kinachotangulia ni mwili. Alijikuta amekaa juu ya kizingiti. Alimwona dada yake katikati ya mto, maji kiunoni, akimwambia shikilia daftari juu. Kilio kilimjia, na kilikuwa kilio halali, na wanaume kumi na mmoja walikuwa wamekuja na kuni ili wakisaidie kutoka. Alichotakiwa ni kusema neno moja. Sikusikia, wazee wangu. Wangempokea, wangemshika mikono, Hezroni wa kwanza.

Lakini mtu ambaye hakusikia ni mtu ambaye redio yake haisikii. Na redio ikiwa haisikii, ule muziki ulitoka wapi Jumamosi zote zile, na migomba ilikatwa kwa nini, na huyu mtu amekuwa akiwafundisha nini watoto wetu. Maswali hayo yalipanga foleni kichwani mwake kwa haraka kuliko kilio, na yeye ni mwalimu, maswali aliyaheshimu.

Wakati huohuo Beatrice aliingia uani akikokota baiskeli ya kaka yake. Tangazo lilirudiwa mchana huo wa Jumatano, akalisikia Busale akiwa shambani, na alikuwa ameendesha njia nzima, vumbi mpaka kwenye kope, kwa sababu alijua kwamba katika tarafa nzima mtu mmoja tu hajui. Alisimama. Mumewe alimwona.

"Nilisikia," alisema Mwalimu.

"Baba Kisa," alisema Beatrice, akimwita kwa jina la binti yao kama alivyomwita siku zote. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Baba Kisa, waambie."

"Nimesema nilisikia."

Mzee Zebedayo alimtazama kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha atamkumbuka vizuri. Kisha aliinuka, akakunja mkeka wake. Wengine waliinuka. Hakuna aliyempa mkono wala kumwambia pole, maana pole hupewa mfiwa, na aliyesikia kifo cha dada yake Jumanne asubuhi akapiga magitaa Jumanne jioni, huyo hawakuwa na neno lake. Hezroni alikuwa wa mwisho. Alikwenda ukutani, akalitwaa gogo lake, akaliweka begani, akatoka nalo.

Hapo ndipo Mwalimu alipolia. Alilia kwa sauti, na sauti, kama tunavyojua, inasafiri. Ilifika kwa Hezroni, ilifika shuleni, ilifika karibu na njia panda. Hakuna aliyerudi. Beatrice alikaa naye mpaka alipochoka, akampa maji, akafunga vitenge viwili kwenye kifurushi. Hakumlaumu, na alipomwambia wapande basi pamoja, Mwalimu alitikisa kichwa, akasema atawaangaliaje watu wa Chunya. Alfajiri Beatrice alikwenda stendi peke yake.

Alifika Chunya Alhamisi jioni, kaburi bichi, wanawake bado wako kwenye mikeka. Hakuna aliyemuuliza kitu mpaka alipokuwa amekula. Ndipo Lazaro alipomsimulia, kwa upole, bila kumtazama. Jumamosi iliyopita, alisema, walipoona hali imekuwa mbaya, walikwishatoa nauli ili mdogo wa Lazaro apande basi akamchukue Asajile. Angemkuta dada yake anazungumza. Lakini Tusekile mwenyewe aliwakataza wasipoteze fedha. Alivuta barua chini ya mto, akaamuru isomwe tena wote wasikie. Dada, Asajile alikuwa ameandika, usihangaike kutuma watu safari ndefu, siku hizi hakuna wimbi linalopita hewani nisilolipata. Mwanamke yule alitabasamu, akasema likitokea la kutokea watangaze tu redioni, Asajile atasikia, na yeye atakuja mbio.

Beatrice aliwaambia hakusikia. Aliwaambia tangu mwanzo, mlima, mianzi, kaseti, kikohozi. Walimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama wanavyosikilizwa wake wanaowatetea waume zao, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.